Basi Bwana: Vidokezo 12 vya Kuandika Aya Inayosomeka

Mwaka jana nilikuwa mjumbe wa kamati ya harusi. Katibu wetu, binamu yangu, ni mtu wa watu. Akikaa kwenye benchi la bao akaanza kusimulia, hata wanaocheza husahau kete zao. Jioni moja, siku tatu kabla ya kikao, akatutumia ujumbe huu kwenye kundi la WhatsApp:

"Ndugu wanakamati poleni na majukumu napenda kuwajulisha kuwa kikao chetu kitafanyika Jumapili kama tulivyokubaliana ila mahali pamebadilika kwani pale pa awali kuna msiba hivyo tutakutana kwa Mjomba nyuma ya shule saa kumi jioni na wale ambao hawajamalizia ahadi zao wanaombwa wafanye hivyo kabla ya tarehe 15 kwa sababu mpishi anataka nusu ya hela yake na pia mwenye muziki amepandisha bei hivyo tunatakiwa kuamua kama tutaendelea naye au tutafute mwingine na sare za kamati zimeshafika anayetaka aje na elfu thelathini asanteni"

Hazikupita dakika kumi, majibu yakamiminika. "Kikao saa ngapi?" "Sare bei gani?" "Kwa hiyo tunakutana wapi?" Watu wanne walituma pole za msiba. Mmoja akauliza marehemu ni nani. Mpishi na mwenye muziki hawakuguswa na mtu.

Nikampigia simu. "Kaka, hebu nieleze kwa mdomo."

"Basi bwana," akaanza, "kikao kipo palepale Jumapili, ila tunahamia kwa Mjomba." Akanyamaza kidogo. "Sasa, kuna suala la hela." Akaeleza la mpishi, akashusha pumzi. "Halafu huyu wa muziki naye, ngoja nikwambie…" Dakika moja haikuisha, nikawa nimeelewa kila kitu. Yeye mwenyewe hakujua kwamba alikuwa amenipa aya zilizonyooka, kila moja na mlango wake.

Wengi wetu tuko hivyo. Aya tunazo mdomoni. Hupotea tunaposhika kalamu au simu, tukidhani kuandika ni lugha nyingine kabisa. Vidokezo vifuatavyo ni vya kuihamisha aya kutoka barazani hadi kwenye karatasi bila kuimwaga njiani.

1. Sikiliza "basi" zako

Kabla ya kuandika, simulia. Simu yako ina kinasa sauti. Kiwashe, ueleze jambo lako kana kwamba unamweleza jirani aliyechelewa kufika. Kisha jisikilize: umevuta pumzi wapi? Umesema wapi "basi", "sasa", "haya", "halafu", "tukija kwenye suala la…"? Kila hapo pana mlango wa aya mpya.

Ukishaandika, maneno mengi ya namna hiyo yaondoe. Barazani, "basi bwana" humpa msikilizaji muda wa kukaa vizuri. Kwenye ukurasa kazi hiyo hufanywa na nafasi nyeupe iliyo kati ya aya na aya. Ukiweka vyote viwili, umebisha hodi mara mbili kwenye mlango ulio wazi.

2. Aya moja, kazi moja

Shuleni tuliambiwa kila aya iwe na wazo kuu moja. Ni kweli, ila "wazo" ni neno linaloteleza. Mimi huuliza kazi: aya hii inafanya nini? Andika jibu pembeni kwa maneno mawili matatu. "Inahamisha kikao." "Inadai michango." "Inaomba uamuzi." Ukilazimika kutia "na" katika jibu lako, hizo ni aya mbili zilizolazwa kitanda kimoja.

Watunzi wa mashairi wanalijua jambo hili kuliko sisi wa nathari. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, aghalabu ya mizani 16 kila mmoja, na kanuni za utunzi hudai ubeti ujitosheleze: hoja ianze humo na iishie humo. Ndiyo maana mtu akiingia ukumbini shairi likiwa katikati, bado huambulia kitu. Aya haidaiwi vina wala mizani, lakini ni binamu wa ubeti. Ikate uisome peke yake. Ikiwa haisimami, ama imepungukiwa, ama imebeba mzigo wa jirani.

3. Mzigo uwe mlangoni

Tazama barua ya kuomba ruhusa kazini. Juu pameandikwa YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA SIKU TATU. Chini yake: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Mkuu wa idara ametoka kukisoma kichwa hicho sasa hivi! Kisha inafuata "Mimi ni mtumishi katika idara yako, napenda kuchukua fursa hii adhimu…" Anafika mstari wa sita hajajua unaondoka lini.

Jaribu hivi: "Naomba ruhusa ya siku tatu, kuanzia Jumatano tarehe 6 hadi Ijumaa tarehe 8, ili nimpeleke mama hospitali." Yote yamo: nini, lini, kwa nini. Sentensi zitakazofuata zitamsaidia tu aseme ndiyo: nani atashika kazi zako, na utapatikana kwa njia gani.

Hadithi ina sheria zake. Msimulizi ana haki ya kumficha chui nyuma ya mlango hadi mwisho wa aya. Lakini kwenye barua, tangazo, ripoti na muhtasari wa kikao, chui aonekane mapema.

4. Salamu zipate kiti chao

Kutanguliza mzigo si kukosa adabu. Kwetu mtu hajafika mpaka asalimie, na barua isiyo na salamu huonekana imetumwa na mdai. Kosa ni kuikalisha salamu na shughuli kwenye kiti kimoja. Zikibanana, salamu inageuka kelele na shughuli inageuka fumbo.

Ipe salamu mstari wake. "Shikamoo Shangazi. Poleni na majukumu." Nukta. Ruka mstari, ingia kwenye jambo. Mkubwa ameheshimiwa, na jambo limeonekana. Shukrani nazo ni hivyohivyo. "Asanteni" ya katibu wetu ilikwama kwenye elfu thelathini, ikawa kama sehemu ya bei ya sare.

5. Fuata "-ka-"

Kiswahili kina chombo ambacho lugha nyingi zingekililia: kile kiambishi "-ka-" cha masimulizi. Kitazame kikifanya kazi:

"Bibi aliamka alfajiri. Akawasha jiko, akabandika maji, akaenda uani kuchuma mchaichai. Aliporudi akakuta maji yameshachemka, akayatia majani, akafunika. Babu alikuwa bado msikitini. Alizoea kubaki baada ya swala, akizungumza na wenzake habari za bei ya samaki."

Mnyororo wa "-ka-" unaanzia kwenye "aliamka" na kutambaa hadi "akafunika". Matukio hayo yameshikana mikono, ni ya aya moja. Tunapofika "Babu alikuwa bado msikitini", mnyororo unakatika: mtendaji mwingine, mahali pengine, na kitenzi kimerudi kwenye "-likuwa". Sikio lako limeshahama jikoni. Hamisha na aya.

Kwa hiyo unapohariri masimulizi, pita na kalamu ukizungushia vitenzi vyenye "-ka-". Mnyororo ukivunjika, jiulize kama mandhari, muda au mtendaji amebadilika. Akiwa amebadilika, fungua aya. Na mnyororo ukiendelea ukurasa mzima bila kukatika, msomaji wako atakuwa anakimbia nawe bila kupewa maji.

6. "Hiyo" ipi?

"Nilimpa karani barua na risiti. Baadaye akaniambia imepotea." Imepotea ipi? Barua na risiti zote ni za ngeli ya I-ZI, na kiambishi "i-" hakiwezi kukuamulia. Lakini andika "barua na cheti", kisha "kimepotea", mara moja tunajua cha kutafuta. Upatanisho wa ngeli ni zawadi: unapokuwezesha kutaja kitu kwa silabi moja, utumie. Unapokupa majina mawili ya ngeli moja, taja jina lenyewe upya, wala usione haya kurudia.

Tahadhari hii ni kubwa zaidi mwanzoni mwa aya. Aya inayofunguka kwa "Hii imesababisha…" humrudisha msomaji nyuma akatafute "hii" ni nini. Bei? Kuchelewa? Kauli ya mwenyekiti? Mpe jina: "Bei hiyo mpya imesababisha…"

Na hapo umepata gundi bora kuliko zote. Viashiria vyenye "-o" mwishoni, yaani huyo, hicho, hilo, hiyo, huo, humwelekeza msomaji kwenye kitu ambacho kimeshatajwa. "Bei hiyo", "uamuzi huo", "kijana huyo": maneno mawili tu, na aya ya tatu imeshonwa kwenye aya ya pili. Hakuna haja ya uzi mwingine.

7. "Aidha" zako zipunguze

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa insha hukariri orodha: aidha, vilevile, isitoshe, fauka ya hayo, licha ya hayo, zaidi ya hayo. Siku ya mtihani kila aya inavalishwa kofia moja. Kwa mbali inapendeza. Kwa karibu, aya saba zote zinasema "na jingine", na msahihishaji anasubiri aambiwe hilo jingine lina uhusiano gani na la kwanza.

Fanya jaribio hili. Funika kiunganishi kwa kidole, usome aya bila hicho. Maana ikibaki palepale, kilikuwa pambo, kitoe. Maana ikiyumba, kina kazi, kiache. "Hata hivyo" ni lazima igeuze njia kweli. "Kwa hiyo" ni lazima itanguliwe na sababu. Na "hivyo basi", jamani, mara nyingi ni mtu anayekohoa kabla ya kuzungumza.

Katibu wetu alitumia "hivyo" ya kuunganisha mara mbili, na moja iliwapoteza watu. "Kuna msiba hivyo tutakutana kwa Mjomba": msomaji wa harakaharaka akaelewa kuwa tunakutana kwa Mjomba kwa ajili ya msiba. Ndipo zikaja zile pole.

8. Pima kwa pumzi

Aya iwe ndefu kiasi gani? Isome kwa sauti. Ukimaliza huku umetweta, ni ndefu. Ukimaliza kabla hujaanza, ni fupi. Kama unataka vipimo vya mkononi, mimi hutumia hivi: kwenye simu, sentensi mbili au tatu; kwenye habari ya gazeti, ambalo safu zake ni nyembamba, moja hadi tatu; kwenye makala au insha, nne hadi saba. Mtahiniwa wa KCSE anayetakiwa kuandika insha ya maneno yasiyopungua 400 anaweza kuyagawa katika aya saba za maneno kama sitini hivi, na bado akabaki na nafasi ya kupumua.

Kumbuka pia kwamba neno letu moja hubeba mengi. "Hawajatuandikia" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta, lakini ndani yake mna watenda, watendewa, wakati na ukanushi. Sentensi ya Kiswahili ya maneno ishirini imeshashiba. Ukiilundikia "ambayo" tatu, itavimbiwa.

Zama za SMS, herufi 160 zilitufundisha kubana maneno hadi tukala irabu. Siku hizi nafasi haituishii, tukasahau kabisa kuweka nukta. Ujumbe wa katibu ulikuwa na maneno zaidi ya sabini bila nukta hata moja.

Njia nzuri ya kuizoea pumzi ya aya ni kunakili kwa mkono aya za waliobobea. Chukua insha moja kutoka *Kielezo cha Insha* cha Shaaban Robert, au ukurasa wowote wa *Rosa Mistika* ya Kezilahabi au *Kuli* ya Adam Shafi. Nakili aya moja tu, kisha hesabu sentensi na uandike pembeni kila moja inafanya nini. Mkono utaona kile ambacho jicho lilipita.

Na mara mojamoja, andika aya ya sentensi moja.

Ni kama pilipili: moja inachangamsha chungu, kumi zinakimbiza wageni.

9. Sogeza ndani au ruka mstari, chagua moja

Msomaji anahitaji ishara kwamba aya mpya imeanza. Ishara ni mbili: kuusogeza ndani mstari wa kwanza, au kuacha mstari mtupu juu yake. Vitabu vya hadithi na insha za mkono hupendelea ya kwanza. Barua zilizochapwa na maandishi ya kwenye skrini hupendelea ya pili. Ukitumia zote pamoja, ukurasa unakuwa na mashimo kama barabara ya masika.

Ishara hizi ni za zamani. Wagiriki wa kale waliweka mstari mfupi pembeni mwa maandishi kuonyesha kituo, wakauita *paragraphos*, yaani ulioandikwa kando. Wanakili wa Ulaya ya zama za kati wakaja na alama ¶, mara nyingi ikipakwa rangi nyekundu baada ya maandishi mengine kukamilika. Waliotangulia waliiachia nafasi, na pengine mwenye rangi hakufika. Nafasi ikabaki tupu, watu wakaizoea.

Kwenye kompyuta, usisogeze mstari kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara tano. Leo utabonyeza tano, kesho nne, na kingo zitapinda. Tumia kitufe cha Tab, au weka mpangilio wa aya mara moja kwa waraka wote. Enter moja huanzisha aya mpya; Shift na Enter kwa pamoja huanzisha mstari mpya ndani ya aya ileile, jambo linalofaa kwa anwani. Na ukitaka ukurasa mpya, bonyeza Ctrl na Enter. Mwenye kubonyeza Enter mara kumi na tano hadi ukurasa uishe atakumbuka ushauri huu siku atakapoongeza neno moja juu, waraka wote ukateleza.

10. Kompyuta isikukatie maneno

Programu nyingi za kuandikia huja zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza. Ukiziruhusu zikate maneno mwishoni mwa mstari, zitakupa "nyum-ba" na "karan-ga". Mswahili hatamki hivyo. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: nyu-mba, ka-ra-nga, ng'o-mbe. Maneno ya mkopo yana yake, kama daf-ta-ri na lab-da. Ukiwa na shaka, litamke neno ukipiga makofi. Mahali kofi linapolia ndipo pa kukata.

Jingine linaloendana na hilo: kunyoosha kingo zote mbili. Kwenye kitabu kipana hupendeza. Kwenye safu nyembamba, maneno yetu marefu kama "wanaoshughulikia" hugoma kuingia mstarini, na kompyuta huyatawanya yaliyobaki ili kujaza pengo. Matokeo ni mistari yenye mapengo kama meno ya babu. Nyoosha ukingo wa kushoto, wa kulia uache ujiendee.

11. Paza sauti mara moja tu

Herufi nzito ni sauti iliyopazwa. Kwenye WhatsApp huhitaji ufundi: weka kinyota mwanzoni na mwishoni mwa maneno, bila kuacha nafasi kati ya kinyota na neno. Lakini chagua. Katika tangazo la kikao, kinachostahili kupazwa ni siku, saa na mahali. Ukitia wino mzito kwenye nusu ya ujumbe, hakuna kitakachosikika. NA UKIANDIKA HIVI MWANZO HADI MWISHO, watu hudhani umegombana na mtu.

Orodha nayo ina mahali pake. Vitu vinavyolingana hadhi, kama mahitaji ya jikoni au nyaraka za kuambatanisha, viweke kwenye orodha: mchele, mafuta, vitunguu, mkaa. Sababu usizipange hivyo. Sababu huishi kwa "kwa kuwa", "ingawa", "ndiyo maana", na ukizivunja vipandevipande maneno hayo huanguka chini. Msomaji atabaki na mifupa mitano asijue ni ya mnyama gani.

12. Kibwagizo ni cha shairi

Katika shairi, mshororo wa mwisho ukirudiwa kila ubeti, ukumbi unaitikia. Katika nathari hakuna anayeitikia. Aya inayomalizika kwa "Kwa hiyo tunaona kwamba muziki ni muhimu sana katika harusi" imemaliza kazi yake sentensi moja kabla, ila haikujua kuaga.

Malizia kwenye kitu kizito ulicho nacho: "Amepandisha kutoka laki sita hadi laki nane, na anataka jibu wiki hii." Jambo la mwisho ndilo msomaji analolala nalo. Kwa sababu hiyohiyo, usimalizie aya kwa "n.k." Ni kumwacha mgeni mlangoni ukimwambia mengine atajijazia mwenyewe.

Kisha rudi juu, uitazame aya yako ya kwanza kuliko zote. Kama inaanza na "Katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia", ifute usome kuanzia ya pili. Mara nyingi makala yako inaanzia hapo.

Turudi kwenye kamati

Jioni ileile nilikaa na katibu, simu yake mkononi. Sikumfundisha chochote. Nilimwambia tu arudie alichonieleza, na kila alipovuta pumzi nikaruka mstari. Hiki ndicho kilichotoka:

"Habari za jioni, wanakamati. Poleni na majukumu.

*Kikao ni Jumapili saa 10 jioni, nyumbani kwa Mjomba, nyuma ya shule.* Tumehama kwa kuwa majirani wa pale pa awali wamefiwa.

Ambaye hajamalizia ahadi yake, tunaomba aimalizie kabla ya tarehe 15. Siku hiyo mpishi anachukua nusu ya malipo yake.

Mwenye muziki amepandisha bei kutoka laki sita hadi laki nane. Tuendelee naye au tutafute mwingine? Mwenye maoni ayatoe hapa, huyo wa muziki anataka jibu wiki hii.

Sare zimefika. Njoo na sh. 30,000, uondoke na yako.

Asanteni."

Akatuma. Tukanyamaza, tukikitazama kioo. Wa kwanza kujibu alikuwa Shangazi, ambaye katika kundi lile hakuwahi kuandika chochote isipokuwa "Amina".

"Nimetuma elfu hamsini iliyobaki. Na huyo wa muziki, mwacheni aende."